Nakala Moja

Miaka ishirini na mmoja, sokoni Mwaloni,
nimeandika kwa kukandamiza:
karatasi nyeupe juu, ya waridi katikati, ya njano chini,
kaboni mbili baina yao,
na ile ya chini lazima isomeke,
la sivyo mwenye mzigo atarudi jioni na sauti yake yote.
Jina. Gunia. Kilo. Jina. Gunia. Kilo.
Dagaa wa Ukerewe, kayabo wa kwenda Kongo.
Kidole cha kati kikaota sugu,
ngumu kama jicho la sato aliyekaangwa.

Kalamu hii nimeipata Makoroboi
kwa Nyanzobe, fundi saa,
ndani ya bati la biskuti, chini ya mikanda iliyokatika.
Nyeusi. Kifuniko kina ufa.
Nikauliza bei. Akauliza, "Unajua kuijaza?"
Nikasema najua.
Sikujua.

Usiku, Kitangiri.
Nimetandika gazeti mezani kama mtu anayechinja kuku.
Kichupa cha wino, kipande cha khanga kuukuu, glasi ya maji.
Nazamisha nibu, nazungusha kitako:
inakohoa mapovu.
Nazungusha kinyume: inavuta,
taratibu, kama mtoto anayenyonya huku amesinzia.
Naiinua, inadondosha tone juu ya bei ya pamba.
Vidole vitatu vya bluu.
Kesho watasema nimepiga kura mara tatu.

Mstari wa kwanza, hakuna kitu.
Wa pili, mkwaruzo, ukucha juu ya bati.
Nakandamiza, maana ndivyo mkono unavyojua,
na meno mawili ya nibu yanaachana,
yananitazama
kama mtu aliyeshikwa bega na asiyemjua.
Kumbe nimeishika kifudifudi.
Naigeuza. Nailaza kidogo,
kama mwiko ukingoni mwa sufuria.
Nalegeza kiwiko. Nalegeza bega.
Nalegeza na taya; taya iliingiaje humu, sijui.

Wino ukaja.
Si kwa nguvu zangu.
Uligusa karatasi tu, ukaona njia.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mkono huu ni kayabo:
ulishatiwa chumvi, ukaanikwa, ukapimwa, ukafungwa.
Lakini mimi nimewauza hao, nawajua.
Mloweke kayabo usiku kucha,
asubuhi utamkunja bila kumvunja.

Daftari ni la mjukuu wangu Shija, la hesabu,
karatasi nyepesi, inakunywa kupita kiasi;
herufi zinaota ndevu.
Nimeandika jina langu mara nne.
Mbuke. Mbuke. Mbuke yenye doa. Mbuke.
Kisha nikapapasa nyuma ya ukurasa:
laini.
Hakuna mgongo ulioinuka, hakuna kovu.
Kurasa zangu za Mwaloni
hata kipofu angezisoma kwa nyuma.

Sasa niandike nini?
Mkono, kwa mazoea, ukaandika *kilo*.
Nikataka kufuta. Wino huu haufutiki.
Basi, kaa hapo, kilo.
Chini yake, polepole, nikiinua nibu kila neno
kama anayevuka mawe ya mtoni na ndoo kichwani:

*Leo sikupima kitu*

Nikaweka nukta.

Dirisha nililiacha wazi kwa ajili ya joto,
na usubi wa ziwani ulikuwa umeshapanda mlima,
wingu lote, kuifuata taa.
Mmoja akatua juu ya nukta ikiwa mbichi,
akahangaika, akajikokota kwenda chini,
mguu mmoja ukichora nyuma yake.
Ikawa mkato.

Nimeutazama muda mrefu.
Nyanzobe hakunieleza wino mmoja hufika wapi,
na kichupa bado kimejaa hadi shingoni.
Nikamwondoa mdudu kwa pindo la khanga.
Mkato nikauacha.