Ukurasa wa Themanini na Moja

Kibanda changu kiko Kirumba, mgongo kwenye jiwe:
vitabu vya mapenzi, mia tatu kwa usiku.
Chozi silitozi. Mchuzi nautoza.

Kipo kimoja cha daktari mrefu, mpole,
hanywi, hachelewi, meno yote thelathini na mawili.
Miaka minne kinarudi kama kilivyotoka,
kinanukia duka.

Na kipo cha Luhende,
fundi wa mashine za boti,
aliyeuza cherehani ya mchumba wake
akasema imeibwa.
Hicho nimekishona mara tatu kwa uzi wa nyavu.
Kina gamba la sangara ukurasa wa kumi,
kina duara la kikombe, kina unywele wa mtu.

Nyanzobe wa kiwanda cha samaki
hukisoma na penseli mkononi.
Pembeni kaandika: MWACHE HUYU MBWA.
Kurasa nne mbele, herufi zimenywea:
lakini mama yake alimlea kwa fimbo.
Halafu: haya, msikilize kwanza.
Mwandiko mwingine, wa wino, sijui wa nani,
umemjibu: Dada, umeshaliwa.

Niliwauliza, kwa nini huyu?
Wa namna hii si mnao nyumbani, bila kukodi?
Wakacheka. Kabula akasema,
"Mbele ya yule daktari ningeficha visigino."

Mimi nina jibu langu, sijawaambia.
Ni ukurasa wa themanini na moja.
Mvua inatoka upande wa Ukerewe, bati linapiga kelele,
naye kasimama mlangoni, kakataa kiti, anasema:
"Cherehani niliiuza mimi."
Hakuna busu hapo. Hakuna chochote.
Mstari mmoja, na karatasi yake imelainika
kama noti ya sokoni.

Masalu wangu si mtu mbaya.
Mwaka ule ziwa lilipopanda aliuza pete yangu,
akaniambia labda iliteleza nikiosha dagaa.
Nikapapasa beseni
hadi vidole vikawa vya kikongwe.
Niliiona Makoroboi, kwa sonara, ina bei.
Sikusema. Naye hajasema.
Tumezaa wawili tangu hapo, tunakula, tunataniana,
juzi kanitengenezea rafu hii ya vitabu, imenyooka kabisa.

Ila taa ikizimwa
huwa najiuliza
tumefika ukurasa wa ngapi.