Safu ya Tano

Daftari la lango la Ruai, kwenye mabwawa ya majitaka,
lina safu nne: tarehe, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Mulwa alilishika miaka kumi na mitatu kabla yangu,
na pambizoni, kwa penseli, akajiongezea ya tano.

Juni. Bundi wawili, nyasi za upande wa reli.
Juni. Watatu. Mmoja kainuka na panya.
Julai. Kiota. Nusura nikikanyage.

Si yule wa darini, mwenye uso wa sahani.
Huyu hulala chini, majanini,
rangi yake udongo uliokwisha kuungua,
na sauti yake turubai linalochanwa polepole.
Hana kwao. Kwao ni pale panya walipozaana.
Mvua ikishika, nyasi zikafunga mbegu,
atakuja, na hakuna aliyempelekea habari.
Zikikauka, hana wa kumuaga.

Nilipokabidhiwa ufunguo niliyacheka maandishi hayo.
Kwetu Mwala, bundi akilia juu ya paa,
mama alitupa chumvi motoni na kuuliza:
Nani? Sema wazi, umemfuata nani?
Tukahesabiana kitandani, gizani,
kila mmoja akigusa mguu wa mwenzake.

Lakini usiku wa lango ni mrefu,
na malori ya kunyonya vyoo hukoma saa nne.
Nikasoma.
Juni ikahamia Agosti. Agosti ikanyamaza.
Hakuna. Hakuna. Mwaka mzima, hakuna,
na mbele ya neno hilo kialama cha penseli,
kama mtu aliyeanza kusema jambo akajizuia.
Kisha mwaka ule wa mafuriko, barabara ilipokatika Njiru:
Desemba! Kumi na mmoja! Mayai manne. Sijui wametoka wapi.

Ndiyo miaka magorofa yalipoanza kutusogelea.
Zamani, Mulwa anasema, ukisimama hapa
macho yalikwenda mpaka yachoke yenyewe.
Sasa yanakwama kwenye nguo za watu, ghorofa ya sita.

Mwaka huu masika yalitudanganya.
Vuli ikachelewa, ikaja Januari, bila aibu, ikakaa.
Na usiku mmoja nikasikia turubai likichanwa.

Vifaranga watatu, hawalingani hata kidogo:
wa kwanza kama ngumi, wa pili kama yai la bata,
wa mwisho kidole gumba kilichovaa sufu.
Walikuwa kati ya kigingi cha kumi na nne na cha kumi na tano.

Achola, mpima ardhi, alichuchumaa.
"Huyu si ndege wa mikosi?"
"Mikosi ya nani?" nikamuuliza.
Akatazama utepe wake wa kupimia, akaukunja.
"Nitarudi Jumanne."

Akarudi Jumanne.
Kidole gumba hakikuwepo; nadhani ndugu zake walijua kilikokwenda.
Wawili walikuwa wameondoka kwa miguu,
maana hawa hutembea kabla ya kuruka,
kila mmoja na njia yake majanini.
Achola akagongelea chuma palepale kwenye kishimo.
Kisha akaokota donge la manyoya na mifupa,
akanipa kwa mikono miwili, kama risiti.

Nilimpigia Mulwa, yuko Masinga na ndengu zake.
Hakuuliza habari za watoto wala za kazi.
"Tarehe?"
"Februari."
Akanyamaza. Nikasikia kuku, na mtu akitwanga.
"Februari," akasema, kama anayejaribu kiatu cha mwingine.

Wiki jana ofisi imeleta kishikwambi.
Kina safu nne. Kinang'aa. Hakina pambizo.
Donge nimeliweka ndani ya kopo la majani ya chai,
na nyuma ya mlango wa kibanda, kwa chaki, chini kidogo
mahali ambapo msimamizi hainami,
nimeandika:
Februari. Wawili. Kwa miguu.