Sukari Imekimbia Nje

Kidato cha Pili B, Matamba, saa mbili asubuhi,
ukungu umeegemea dirisha kama mwanafunzi aliyechelewa.
Ubaoni nimeandika sentensi ya Kiingereza
nyepesi tu, ya jikoni: sukari imekwisha.
Edgari Chaula akasimama, akafuta pua kwa mkono wa sweta,
akaitafsiri neno kwa neno, bila woga:
"Sukari imekimbia nje."

Darasa likavunjika mbavu.
Nami nikageukia ubao wasinione.

Lakini hakukosea, jamani. Ndivyo ilivyoandikwa.
Kitenzi cha Mwingereza ni miguu mitupu,
njia hapewi nyumbani, anaipewa mlangoni
na vineno vifupi kuliko chaki ya Ijumaa:
apu, dauni, auti, ofu.
Ukisahau kimoja, msafiri anabaki katikati ya sentensi
kama Fuso la viazi kwenye kona ya thelathini,
injini inanguruma, utingo anatafuta jiwe la kuzuia tairi.

Sisi tukisema kupanda, mlima umo humo humo ndani.
Tukisema kushuka, Chimala inaonekana kule chini
na Usangu yote imetandikwa kama shuka,
na zile kona hamsini na saba hatuzitaji, zinajitaja tumboni.
Nimepanda viazi. Nimepanda Fuso. Mbolea imepanda bei.
Hapo na yeye Mwingereza angetucheka:
neno moja, vibarua vitatu, na mshahara ni ule ule.

Nikawaambia, chungulieni nje, mzee Mbilinyi anapita.
Kiswahili kinasema: anapanda, akichechemea.
Kwanza aendako, ndipo mguu wake.
Kiingereza kinaanza na mguu:
kinachechemea, kinachechemea, halafu ndiyo apu.
Nani kati yao anamjali zaidi yule mzee?
Sikujibu. Halimo kwenye mtihani.

Yusta Tweve akanyoosha kidole.
Yusta hanyooshi kidole.
Kichwa kimenyolewa, viatu vina udongo
ambao si wa njia ya shule.
"Mwalimu, ukurasa wa kumi na tisa,
wanasema mama wa huyu mtoto alipita mbali.
Alipita wapi?"

Hakuna aliyecheka. Hata bati lilinyamaza.

Ningeweza kusema maana yake ni kufa, tukaendelea.
Badala yake nikaandika: ametutoka,
nikalikata kama kiazi cha mbegu,
kila kipande na jicho lake.
A, ni yeye.
Me, tayari, hakuna kubembelezana.
Toka, nikairuka nikaiweka mwisho, mnaijua, ni mlango.
Na hapa katikati, tu...
Chaki ikanikatikia.
"Tu ni sisi," alisema Yusta. "Sisi tumo ndani."
Akakaa.

Rimu ya gari ikagongwa, mapumziko.
Walitoka wakikimbia,
au walikimbia, auti, kama ile sukari, chagua mwenyewe.
Yusta alitoka wa mwisho, akitembea.

Nilibaki na vumbi la chaki na lugha mbili.
Niliwaza kasilabi ketu kamoja, li,
kembamba hivyo, lakini ukikatoa
anayekukimbilia anakuwa anayekukimbia.
Nje, kwenye ukungu, upande wa misonobari,
nikaona mtoto anakimbia na mwingine amesimama.
Sikujua ni neno gani.
Nikapangusa kioo kwa kiganja.
Edgari alikuwa amefika, anahema,
ameumega kiazi cha kuchoma, bado kinafuka,
na nusu iliyo kubwa ilikuwa imenyooshwa mbele.