Kufumua Mkono

Wiki kumi na moja Mumo alikula kwa kushoto.
Mwanzoni nilimkanya, kisha nikanyamaza:
mkono wa kulia haukuwa wa kulia tena,
uliishia kifuani, kama mgeni
aliyepiga hodi akasahau alichofuata.

Alianguka kutoka ukuta wa tangi la maji, Kariobangi,
siku ambayo foleni ya mitungi ilizunguka kona
na mimi nina sare thelathini za kumalizia.
Zahanati wakasema teguko. Vidonge sita, kitambaa shingoni.
Picha? Mashine imekufa, rudini Jumatatu.
Jumatatu nilikuwa natia vifungo.
Nilimwambia daktari hivyo hivyo. Nilitaka aandike kwenye faili.

Jirani yangu Awuor alimchua kwa mafuta ya moto.
Simlaumu, vidole vyake vina huruma,
ila mfupa hausikii huruma.
Ukaunga pale ulipojikuta, upogo.

"Samaki mkunje angali mbichi," bibi yake akasema kutoka Makueni.
Nikakata simu.

Daktari Nekesa aliinua picha kwenye mwanga.
"Hapa palivunjika. Hapa pakapona.
Huko kupona ndiko kumetuharibia."
Kidole cha mwisho kilikuwa na ganzi, neva imebanwa na kovu.
Atafungua kiwiko, aihamishe neva,
akate mfupa ulipoungana vibaya, aufunge kwa vyuma.
"Hautanyooka wote, mama. Siahidi."

Nikamwuliza: Unafumua?
Akaitazama tepu shingoni mwangu, nimesahau kuivua.
"Ndiyo. Nafumua."

Hilo nalijua.
Mkono wa shati ulioshonwa kinyume
huupigi pasi ukakaa.
Ni wembe, uzi kwa uzi, pumzi umeibana,
na kitambaa hakisahau sindano ya kwanza:
kiinue juani, matundu yapo.

Saa tatu na nusu kwenye benchi.
Sikuomba kwa maneno. Nilikunja pindo la leso,
nikalikunjua, nikalikunja.

Sasa ni mazoezi, asubuhi na jioni, na kilio,
na mimi nikihesabu hadi ishirini
huku nikijifanya sisikii.

Leo kijiko kimepita kifua, kimefika kidevuni.
Uji wote kwenye shati, lile nililolipasua bega
ili bandeji ipite, sijalishona bado.
Zimebaki inchi mbili mpaka mdomoni.
Nimezipima.