Thelathini na Moja kwa Mia

Walikuja Jumanne, gari jeupe, vumbi la Bahi hadi kwenye vioo,
vijana wawili wa chuo kikuu
na kishikwambi kimoja.
Wakapiga picha madaftari ya darasa la sita, ukurasa kwa ukurasa.
Mashine, walisema, imeshapitia miandiko elfu arobaini,
inaujua mkono wa anayefaulu
na mkono wa anayebaki.

Nikawapa chai. Nikauliza: inasoma walichoandika?
Hapana, mwalimu. Inasoma walivyoandika.

Sechelela Chiloleti: thelathini na moja kwa mia.
Herufi zimelalia kushoto. Mistari inapanda.
Nafasi kati ya maneno haitabiriki.

Haitabiriki, kweli.
Dawati la watatu linakaliwa na watano, naye ni wa pembeni,
paja moja hewani, daftari juu ya goti.
Wino ukigoma anaipasha kalamu viganjani,
anaihemea, anaandika mbiombio kabla haijapoa.
Ndiyo hiyo nafasi.
Na ule ukurasa wa Machi uliowashtua
aliuandika shambani akiamia ndege,
mkono huu kalamu, mkono huu kombeo.

Niliwaeleza. Mmoja akanukuu. Mwenzake akasema kwa upole:
hizo ni sababu, mwalimu. Sisi tunatafuta dalili.

Wakaondoka. Namba ikabaki.

Sasa nikiri, maana karatasi hii haina mkaguzi:
tangu siku ile sikumwita ubaoni.
Kidole chake kilikuwa juu,
nami nikamwona Mbeleje, nyuma yake.
Wiki tatu.
Insha yake niliisahihisha kama mtu asomaye tanzia.
Ile mashine ilibashiri,
au ilinituma?

Jana nililifungua daftari lake, nikausoma mkono mwingine mle ndani,
mwekundu, wa kubana,
vema zilizochorwa huku macho yako dirishani,
na neno *Jitahidi* lisilo hata nukta juu ya i.
Mkono wangu.
Huo nao wangeupiga picha,
ningepata ngapi?

Leo, kipindi cha pili: Sechelela, njoo.
Chaki nzima hakuna, akaokota kipande.
Herufi zikalalia kushoto
kama uwele wenye kichwa kizito.

Jibu halikuwa sahihi.

Nikasema, rudia.
Akafuta kwa kiganja, akasimama akiutazama ubao,
na sisi wote, sitini na wanane na mimi,
tukamsubiri.