Deni

Nilimwita Deni kwa sababu alinifuata
toka Makupa hadi Magongo bila kuitwa,
na nilipogeuka kumfukuza
alikaa kitako barabarani, akaningoja nimalize.
Majirani wakacheka: dawa ya deni ni kulipa.
Nikamlipa kichwa cha papa.
Mpaka leo halijaisha.

Sasa dada yangu Wakesho kajifungua, yuko Voi.
Nauli ninayo. Basi linalopakia mbwa ndilo sina.
Basi: kreti ya soda juu ya keria, gunia ndani,
kamba ya katani, pampu, viraka, gundi,
chupa tatu za maji, mahamri kumi na mawili,
na Deni ameketi juu ya yote
kama hakimu anayerudi kortini.

Changamwe malori yanapiga honi hadi mbavu zinaitika.
Deni alijibu kila honi. Kila moja.
Hakupita mtu bila jibu lake,
na tulipofika Miritini sauti ilikuwa imemkauka.
Mlima wa Mazeras nikashuka, nikasukuma.
Yeye hakushuka.
Nikamwambia, bwana mkubwa, wewe una minne, mimi miwili.
Akatazama pembeni
kama abiria aliyeulizwa nauli.

Mariakani, pale malori yanapopimwa,
askari mmoja, Nyamweya, mchana umemchosha,
akasema: hebu panda, tukupime na mzigo wako wenye mkia.
Tukapanda chuma kile kipana,
mimi, baiskeli, kreti, Deni.
Tarakimu hazikutikisika.
"Hamna uzito," akasema. "Serikali haiwaoni. Piteni."
Atakayeniuliza kwa nini shairi hili halina mizani
aende Mariakani, akaiulize.

Taru jua halina mjomba.
Deni alitaka kukimbia, nikamwacha akimbie,
na kosa ni langu:
lami ilimbabua nyayo, akaanza kuchechemea, halafu akakaa.
Nikakata tyubu ya akiba, nikamshonea viatu vinne
kwa uzi wa gunia, kando ya barabara, nikitukana.
Alitembea akiinua miguu juu juu
kama mtu aliyeazima viatu vya harusi.

Gesti: "Mtu mia tatu. Mbwa hapana."
Tukalala nyuma ya kibanda cha makaa.
Usiku huo nikagundua mahamri hayapo,
yote, na karatasi yake.
Nikampigia kelele mpaka mwenye kibanda akakohoa.
Kisha fisi akalia mbali,
na mlinzi wangu, niliyesimuliwa sifa za jamii yake tangu utotoni,
akaingia chini ya kwapa langu, akajikunja, akatetemeka.
Hasira ikakosa pa kukaa.

Ya Voi sitayasimulia sana.
Mtoto alikuwa amelala. Deni alilala mlangoni.
Wakesho alitutazama wote wawili, akasema, "Mmekonda."

Tuliporudi, breki ya nyuma ilifia Samburu,
kwa hiyo mteremko wa Mazeras niliushuka kwa soli ya kandambili,
mpira ukinuka, pedali zikizunguka peke yake,
na nyuma yangu Deni amesimama kwenye kreti,
masikio yamelala, ulimi pembeni, macho ameyafumba.
Sauti ilikuwa imemrudi. Hakubweka.
Nilicheka peke yangu hadi Miritini,
hadi harufu ya mafuta ya Changamwe
iliponipokea kama harufu ya mtu wa nyumbani.

Magongo, saa mbili usiku. Bi Mwanahawa mlangoni,
mwenye nyumba, aliyesema tangu mwanzo
mbwa asivuke kizingiti chake,
hana maji ya kuosha vyombo mara saba.
Alitazama vile viatu vya tyubu.
Kimoja kilikuwa kimepotea.
Akaingia ndani, akatoka na kopo la samli lenye maji,
akalisukuma kwa ncha ya ufagio hadi kwenye gurudumu.
"Sijamgusa," akasema.
Deni akanywa.
Mimi pia nilikuwa na kiu, hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi nilikwenda kuishusha kreti kwenye keria.
Ilikuwa na uzito.