Lenzi Pana, Masese

Bwana Kirumira alitandika mezani lenzi ndefu kama mchi,
akasema hii itakuvutia twiga hata awe amekupa mgongo.
Nikamwambia sina twiga.
Nina vizimba kumi na vinne vya sato huko Masese,
nyavu zinazotoboka kila mwezi ukiandama,
na kaka anayezishona kwa kupapasa,
ambaye kamati imeanza kumwita mwizi.

Akacheka kidogo. Maji ya Kampala hutoka bombani.
Nikaomba bilauri, nikatumbukiza kalamu yake:
tazama ilivyovunjika shingo, ilivyonenepa.
Kioo bapa ziwani hufanya hayo hayo,
hukuza kila kitu na kukikata masikio;
unalipia uwanja, unapewa ujia.
Mimi nataka kuba,
kioo kilichotuna kama jicho la sangara,
ili upana niliounua ubaki upana.

Hesabu zangu zimo nyuma ya daftari la chakula cha samaki.
Kamera ndogo, ile ya kuvaliwa kofiani:
bei nafuu, pana, tiifu,
lakini mita sita chini picha yake huwa chenga tupu.
Kamera kubwa hulimudu giza,
ila kasha lake la kuzuia maji linaizidi bei,
harusi iliyo ghali kuliko mahari.
Na taa mbili. Na mikono ya kuzibebea,
iliyopanuka kama pembe za ng'ombe wa Ankole,
kwa sababu taa ikikaa karibu na lenzi
humulika takataka zote zinazoelea
na unarudi nyumbani na filamu ya theluji
ambayo hakuna mtu Busoga aliyeiomba.

Nikauza pikipiki.
Nikachukua kubwa.

Usiku wa kwanza nililizamisha kasha tupu kwenye karai,
karatasi ya chooni ndani, tofali juu,
nikaamka saa nane, saa kumi, kulitazama kama mgonjwa.
Unywele mmoja kwenye mpira wa muhuri
na milioni tisa zinakunywa maji.
Karatasi ilikuwa kavu.
Nikanywa chai bila sukari; sukari iliisha siku ya pikipiki.

Ziwa letu halifanani na yale ya kwenye kalenda.
Ni kijani cha mlenda. Nyoosha mkono, vidole havipo.
Nilishuka na sahani nyeupe ya mama,
nikaionyesha kamera kule chini:
hii ndiyo nyeupe, ikumbuke.
Kila shubiri ya maji ni pazia
na pazia hilo halifuliwi,
unalipunguza kwa kusogea,
unasogea tena, mpaka kuba liguse wavu.
Kwa ukaribu ule
lenzi ya mchi ingeniletea fundo moja.
Hii yangu ilileta tundu zima,
nyuzi zimechakaa kingoni kama zilizotafunwa na fisi-maji,
na pembeni kabisa, bila mimi kuilenga,
mikono ya Balikowa ikitafuta mwanzo wa mshono,
imepauka, imekunjamana, inasoma.

Kamati tuliikalisha stoo, juu ya magunia.
Walitazama mara mbili kwenye simu yangu.
Mweka hazina, Tenywa, akasema: rudisha.
Mbona nguzo ya kizimba imepinda?
Nikamweleza ni lenzi, kingoni hupindisha,
ndiyo ada ya kuwa karibu.
Akanitazama muda.
Sasa tutajuaje, akasema, kwamba kilichobaki hakikupindwa?

Bwana Kirumira hakuniuzia jibu la swali hilo.
Nje mtu alikuwa anaosha ndoo.
Kaka yangu akainuka, akaweka mikono yake
juu ya gunia lililokuwa mbele ya Tenywa,
viganja juu,
kama mtu anayesubiri chenji.